Mamlaka za maendeleo ya kanda: TARDA imeikuza kanda gani, na Nairobi inadaiwa nini?

Mwanzisha uzi (Umoja, Nairobi)

Ndugu zangu, ninaomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo huzungumzwa tu wakati wa bajeti au wakati wa kashfa, kisha likasahaulika: kazi ya mamlaka za maendeleo ya kanda katika kukuza uchumi wa nchi yetu. Tunazo sita. Ya kwanza iliundwa mwaka 1974 kwa ajili ya Mto Tana, na mwaka 1981 ikaongezewa Mto Athi, ndiyo TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, tunayoijua leo. Mwaka 1979 zikafuata ya Bonde la Kerio na ya bonde la Ziwa Viktoria, mwaka 1989 zikaja mbili za Ewaso Ng'iro, Kaskazini na Kusini, na mwaka 1990 ikaundwa ya Pwani. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba, ukiacha ya Pwani, hakuna iliyopewa jina la mkoa wala la wilaya. Yote ni majina ya mito, bonde na ziwa. Waliozitunga sheria zile walikuwa wamekubali jambo ambalo ramani ya utawala hulificha: anayelima mteremko wa Murang'a bila matuta humpelekea tope mtu wa Garissa ambaye hatamwona maisha yake yote.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Ninapowapeleka wanafunzi kwenye bwawa la Masinga, katika Mto Tana, huwaomba kwanza wasitazame ukuta wa bwawa bali watazame ukingo. Maji yanapopungua huacha mistari mingi, mmoja chini ya mwingine kama ngazi, na kati ya mstari na mstari kuna tope lililokauka na kupasuka vipande vipande. Nchi ile ni kavu na udongo wake ni wa kijivu na mchanga, lakini tope lile ni jekundu. Safari moja mwanafunzi aliokota kipande, akakivunja kwa vidole, akasema, "Mwalimu, huu ni udongo wa kwetu Kangema, Murang'a." Alikuwa amesema kweli. Rutuba ya mashamba ya kahawa na majani chai ilikuwa imelala chini ya bwawa, ikichukua nafasi ya maji.

Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981 chini ya TARDA. Kwa umeme ni dogo, megawati 40 tu, lakini kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji, takriban mita za ujazo bilioni 1.5, ili mabwawa yaliyo chini yake, yaani Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaendelee kuzalisha umeme hata msimu wa kiangazi. Yote matano kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600. Kwa miaka mingi, viwanda vya Nairobi viliendeshwa kwa maji hayo zaidi ya kitu kingine chochote. Basi anayesema kwamba mamlaka hizi hazijawahi kukuza uchumi anakosea. Swali langu ni uchumi wa nani uliokuzwa. Baada ya marekebisho ya sekta ya umeme ya mwaka 1997, uendeshaji wa mitambo ya Tana uliwekwa mikononi mwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na mamlaka iliyolijenga bwawa ikabaki na jina la mto bila pato la mto. Huko Turkwel mambo yalikwenda vivyo hivyo. Bwawa lenye ukuta wa mita 153 na mitambo ya megawati 106 lilijengwa chini ya mamlaka ya Bonde la Kerio na kuanza kazi mwaka 1991, nyaya zikaelekezwa Lessos, kwenye gridi ya taifa, huku mji wa Lodwar, Turkana, ukiendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli.

Msimamo wangu ni kwamba mamlaka ya kanda ina maana pale tu inapoushika mto mzima, kutoka chemchemi hadi baharini, na pale sehemu ya kile kinachotoka mtoni inaporudi mtoni. Tulizinyima mambo hayo mawili, zikageukia asali, juisi, nyumba za wageni na majengo ya maduka. Je, tuzivunje, au tuzirudishe kwenye kazi yake?

Mchangiaji wa pili (Kilimani, Nairobi)

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini mimi ninasema zivunjwe, na ninasema hivyo kwa uchungu kwa sababu nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za umma na nimeona fedha zinavyotawanyika.

Mamlaka hizi zilibuniwa wakati ambapo kila jambo liliamuliwa Nairobi. Hati ya Bunge nambari 10 ya mwaka 1965 ilikuwa imeelekeza fedha za maendeleo ziende pale ambapo zingeleta mavuno makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Sehemu kame zikaachwa nyuma, na mamlaka za kanda zikawa namna ya kuzipoza. Katiba ya 2010 imeubadilisha msingi huo. Tangu 2013 tuna kaunti 47, kilimo kimegatuliwa, Kifungu cha 203 kimeziwekea kaunti mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Kifungu cha 204 kimeanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa. Makueni walijenga kiwanda chao cha maembe pale Kalamba bila kusubiri mamlaka yoyote ya mto. Mkulima wa maembe anamjua gavana wake, anaweza kumpigia kura au kumnyima. Mkurugenzi wa mamlaka ya kanda atamwajibisha vipi?

Halafu tazama rekodi. Kisumu, jengo la maduka la mamlaka ya Ziwa liliishia kwenye deni la mabilioni na vikao vya kamati za Bunge. Bonde la Kerio, kandarasi za mabwawa ya Arror na Kimwarer zilitolewa mwaka 2017, waziri wa fedha wa wakati huo akakamatwa Julai 2019, Kimwarer likafutwa mwaka huo huo, na Desemba 2023 mahakama ikawaachilia washtakiwa. Mkulima wa Elgeyo Marakwet aliyeahidiwa maji mpaka leo anatazama mbingu. Kama chombo hakifanyi kazi kwa miaka 40, tatizo si pato pekee.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kuhusu majengo ya maduka na viwanda vya juisi sina la kukupinga. Hizo ni kazi za kaunti, za vyama vya ushirika na za wafanyabiashara.

Lakini soma tena Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo. Kilimo kimekwenda kwa kaunti, ndiyo, ila ulinzi wa maji, kuhakikisha kwamba maji ya kutosha yanabaki mtoni, uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Walioandika Katiba walijua kwamba gavana wa Murang'a hapigiwi kura na watu wa Garissa. Wewe umeuliza mkurugenzi wa mamlaka atawajibishwa vipi, nami ninakuuliza: gavana wa juu atawajibishwa vipi na raia wa chini?

Mchangiaji wa tatu (Kibwezi, nikija Nairobi mara mbili kwa wiki)

Mwalimu na ndugu wa Kilimani, niruhusuni mama mkulima niseme, kwa kuwa mnazungumza juu ya Tana na mmeusahau mto wa pili uliomo katika jina la mamlaka hiyo.

Shamba langu liko kando ya Athi. Ninalima nyanya, pilipili hoho na sukuma wiki, na mazao yangu huuzwa Marikiti, soko la Nairobi, kabla jua halijachomoza. Pampu yangu huvuta maji kwa bomba lenye chujio mwishoni. Zamani nilikuwa nikilisafisha chujio hilo mara moja kwa wiki, nikitoa majani na vijiti. Siku hizi tunalitoa kila asubuhi kabla ya kuwasha, na tunachokwangua kwa kisu ni mifuko, nyuzi za nguo, vipande vya nepi na utelezi mweusi usiotoka mikononi hata kwa sabuni. Mvua za kwanza zinaponyesha Nairobi, siku chache baadaye povu jeupe huteremka kwetu, hukwama kwenye mawe na kusimama hapo kama ukoga wa maziwa. Kijana anayenisaidia kumwagilia alitokwa na vipele miguuni mpaka magotini. Nilikwenda kwenye ofisi moja, nikaelekezwa kwa nyingine, na ya pili ikaniambia kwamba ubora wa maji si kazi yake, kazi yake ni vibali vya kuvuta maji. Kibali ninacho na ada nimelipa. Ninalipia haki ya kuvuta uchafu.

Nyanya hizo, watu wa Nairobi, ndizo mnazokula. Maji mliyoyachafua yanarudi kwenu ndani ya kikapu.

Sasa linajengwa bwawa la Thwake pale Thwake inapokutana na Athi, kazi iliyoanza mwaka 2018, na limekusudiwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Tunalingoja kwa hamu. Lakini maji yatakayoingia humo yanapitia kwanza Nairobi, na sijasikia ni nani hasa mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba tutakachohifadhi ni maji. Wizara ya maji inajenga, mamlaka ya rasilimali za maji inatoa vibali, mamlaka ya mazingira inashtaki ikiweza, kaunti ya Nairobi ina mabomba ya maji taka, na TARDA ina jina la mto. Mto mmoja una walezi watano, na unalala njaa.

Kwa hiyo sikubali TARDA ivunjwe mpaka nionyeshwe nani atakayebeba Athi mzima.

Mchangiaji wa nne (mzaliwa wa Garsen, sasa Eastleigh)

Shikamoo mama. Umesema maneno yaliyonigusa, kwa sababu sisi wa mwisho wa Tana tuna malalamiko yanayofanana na yako ingawa mto ni mwingine.

Wazee wetu wa Kipokomo walilima mpunga kwa mafuriko. Mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, ukaingia katika vijito vya delta, ukaacha rutuba, ukashuka. Walijua siku ya kupanda kwa kutazama rangi ya maji. Waorma nao walijua ni lini waingize mifugo katika malisho yaliyobaki maji yalipopungua. Yale mabwawa yalipoanza kuyashika maji huko juu, ratiba hiyo ilivurugika. Mto ukawa hufurika pale usipotarajiwa, na usifurike pale unapongojewa. Sisemi mabwawa yasingejengwa. Ninasema hesabu ya faida yake iliandikwa kwa megawati peke yake, na mpunga wetu na ng'ombe wa Waorma havikuingizwa upande wa gharama.

Kisha TARDA ikaja kwetu na mradi wake wa mpunga katika delta. Tuta na mifereji vikajengwa, watu wakapata vibarua, tukaona matumaini, mpaka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoyabomoa. Baadaye ukaletwa mpango wa miwa kwa ushirikiano na kampuni ya sukari, nao ukaishia mahakamani. Delta ile mwaka 2012 ilitambuliwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, na mwaka huo huo, kuanzia Agosti, Wapokomo na Waorma walipigana na watu zaidi ya mia moja wakafa. Visa vilikuwa vingi, na siasa ilikuwamo, lakini nani asiyejua kwamba malisho na maji yalikuwa katikati?

Mwaka 2024, Aprili na Mei, mabwawa yalijaa hadi pomoni na maji yakateremka. Barabara ya kwenda Garissa ilikatika pale Mororo, watu wakavushwa kwa mashua, na mashua moja ikazama na abiria wake. Dada yangu alikaa siku tisa upande wa pili na mtoto mchanga. Ninachotaka kutoka kwa mamlaka ya kanda si kiwanda. Ninataka mtu mmoja mwenye mamlaka kisheria ya kukaa na waendeshaji wa mabwawa na kuwaambia: fungueni kiasi hiki, siku hii, kwa sababu chini kuna watu, na watu hao wamearifiwa kwa lugha yao. Na mtu huyo akae Garissa au Hola.

Mchangiaji wa tano (South B, Nairobi)

Swali dogo tu. Nimewahi kusoma kwamba mamlaka zetu ziliigwa kutoka Marekani. Kama ni kweli, kwa nini kule kulifaulu?

Mwanzisha uzi

Ndiyo, mfano mkubwa ulikuwa mamlaka ya bonde la Tennessee, iliyoundwa Mei 1933 chini ya Rais Roosevelt, wakati bonde lile lilikuwa maskini, lenye malaria, mashamba yaliyochakaa kwa mmomonyoko na nyumba chache sana zenye umeme. Mto ule unagusa majimbo saba, na chombo kimoja kilipewa yote kwa pamoja: mafuriko, usafiri wa majini, umeme, mbolea, upandaji wa miti. India nayo ikaunda mamlaka ya mto Damodar mwaka 1948 kwa kufuata mfano huo.

Nisiipambe kupita kiasi. Maelfu ya familia walihamishwa ili mabwawa yajengwe, na wengi wao hawakutendewa haki. Lakini mambo matatu yanafaa kutazamwa. Kwanza, makao yake yako Knoxville, ndani ya bonde, wala si Washington. Makao ya TARDA yako Kaunda Street, katikati ya Nairobi, mwendo wa siku nzima kutoka kwa ndugu yetu wa Garsen. Pili, inauza umeme wake yenyewe, na tangu mwaka 1959 shughuli zake za umeme zinajigharimia zenyewe. Tatu, badala ya kodi, hulipa asilimia 5 ya mapato ghafi ya umeme kwa majimbo na wilaya zinakofanyika shughuli zake. Sisi tuliiga ukuta wa zege na jina la mto, tukaziacha hizo sehemu tatu.

Mchangiaji wa pili

Nimeusoma mchango wa mama wa Kibwezi mara mbili. Ninakubali kwamba nilipoandika nilikuwa nikiwaza majengo na kandarasi, sikuwaza chujio la pampu. Kaunti moja haiwezi kulisafisha, hata ikiwa na gavana mwema.

Bado nina hoja moja, na ninaomba isipuuzwe. Miungano ya kaunti kama Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita, ingeweza kufanya kazi hii kwa makubaliano, bila mkurugenzi aliyeteuliwa. Na kama tunataka chombo cha mto kipewe pato, tuseme linatoka wapi. Tukiongeza senti kwenye bili ya umeme, anayelipa ni mama mboga wa Umoja, na senti hizo zikifika kwenye chombo kisichokaguliwa vizuri tutakuwa tumemwibia mara mbili.

Mwanzisha uzi

Hoja hiyo ni nzito, na ninaijibu hivi. Muungano wa hiari hufaa kwa masoko na utalii, ambako kila mmoja ana cha kupata. Mto ni tofauti, kwa kuwa wa juu hana sababu ya kubaki mezani. Akiona makubaliano yanamgharimu, atajiondoa, wala maji hayatamwadhibu. Kwa sababu hiyo nguvu ya sheria inahitajika, ila bodi yenyewe ijazwe na watu wa kaunti za bonde, wa juu na wa chini kwa usawa.

Kuhusu pato, hatuanzi patupu. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imeshaugawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa wenyeji. Kama mvuke wa Olkaria unaweza kugawanywa kwa tarakimu zilizo wazi, maji ya Gitaru yanashindwaje? Na hapa nirudi kwetu wana-Nairobi. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka bwawa la Thika, pale Ndakaini, ambalo liko katika bonde la Tana. Tunayanywa, tunafulia, tunaoga, kisha tunayamwaga upande wa Ruai na kuyapeleka Athi. Jiji moja linachota mto mmoja na kuchafua mwingine, na chombo pekee ambacho sheria yake inaitaja mito yote miwili ni TARDA. Kama kuna mahali ambapo ada ya kutunza bonde ina haki ya kutozwa, ni kwenye maji ya jiji hili, na nusu yake iende kwenye matuta ya Murang'a, kwa sababu kila mteremko ukitulia tope linapungua Masinga na umri wa bwawa unarefuka. Bwawa la pili la ukubwa ule litatugharimu mara nyingi zaidi.

Kwa ukaguzi, ndugu yangu, wewe ndiwe mwenye ujuzi. Ninakuomba utusaidie kuandika.

Nimeandaa barua kwa TARDA chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ninauliza mambo matatu: mamlaka inapokea kiasi gani kwa mwaka kutokana na Masinga na Kiambere, ni kiasi gani kinatumika kutunza udongo katika vyanzo vya Tana, na ni hatua gani imechukua kuhusu ubora wa maji ya Athi chini ya Nairobi. Nitaipeleka mwenyewe Alhamisi na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nakala yake nitaiweka hapa.

Mchangiaji wa pili

Ongeza swali la nne: hesabu zao za miaka mitano iliyopita zilizokaguliwa, na hoja za mkaguzi ambazo hazijajibiwa. Nitakutumia maneno yake kesho asubuhi.

Mchangiaji wa nne

Na la tano, mwalimu: ni nani huamua siku ya kufungua maji, na tangazo humfikia nani. Mimi nitaitafsiri barua kwa Kipokomo, na ninaye rafiki Mworma atakayeifanyia kazi kwa lugha yake.

Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, Alhamisi nitakuwa Marikiti tangu saa tisa usiku, na nikimaliza kuuza ninaweza kufika Kaunda Street saa tatu. Nitakuja na chupa mbili za maji, moja niliyochota Jumanne mtoni na nyingine ya Jumatano, pamoja na kibali changu na risiti ya ada. Barua iache nafasi ya sahihi yangu chini ya yako.

Mwanzisha uzi

Nafasi ipo, mama. Saa tatu, mlangoni.